Mjuaji wa grupu la hesabu na hii "gawa kwa x" yake

Wakuu, mnamjua, simtaji. Yule anayejibu kabla hujamaliza kuandika swali.

Leo dogo wa kidato cha pili kauliza kwa adabu zote: 3x² = 12x, naanzaje? Bwana mkubwa kashuka: "Gawa kwa 3x pande zote, x = 4. Kama hili hulioni, hesabu si zako, kauze karanga."

Kauze karanga! Na jibu lenyewe nusu!

Ukigawa kwa 3x umeshaamua x si sifuri. Nani kakwambia? Hamisha kwanza: 3x² − 12x = 0. Toa nje kinachoshirikiwa: 3x(x − 4) = 0. Basi x = 0 au x = 4. Irudishe sifuri kwenye swali: 0 = 0, imekubali. Mistari mitatu imemshinda mtu anayejiona mwalimu wa walimu wote kuanzia Kigoma hadi Mombasa, halafu anamtuma mwenzake akauze karanga! Na dogo kamjibu "asante kaka". Katukanwa, kakoseshwa, na kashukuru!

Kipeuo: Huyo huyo alisema √(9 + 16) ni 3 + 4, yaani 7. Jumlisha ndani kwanza, 25, kipeuo chake 5.

Mama Daftari: Mleta uzi, povu lote hili kwa sifuri moja? Si ungemjibu kule kule.

Mleta uzi: Nimemjibu, kanitoa. Yeye ndiye admini. Kauze karanga, jamani!

Chaki: Mimi wananikera wa picha. Kivuli cha simu juu ya swali, hujui ni 6 au 8. Andikeni! Na mabano wekeni: 1/2x ni nusu ya x, au 1 chini ya 2x?

Bi Rula: Kinachowaua ni MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ya kukariri. 10 − 4 + 3, mtu anajumlisha kwanza, anapata 3. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanza kushoto: 9.

Mtaalamu wa Kitaa: Acha uongo, JU iko kabla ya TO. Ni 3.

Kipeuo: Una shilingi 10, umetumia 4, umepewa 3. Umebaki na 3?

Mama Daftari: Na 12 ÷ 2 × 3?

Mtaalamu wa Kitaa: 18, GA kwanza.

Bi Rula: Na 12 × 2 ÷ 3 × 2? Onyesha njia.