Uchambuzi wa jeni usiorudiwa na mtu mwingine uchapishwe?

Mleta mada: Wakuu, msimamo wangu ni huu: jarida lisichapishe makala ya uchambuzi wa RNA (molekuli zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi) mpaka mtu asiye mwandishi auendeshe uchambuzi huo kwenye kompyuta yake na kupata jedwali lile lile la jeni.

Kuweka data ghafi kwenye GEO, hifadhi ya umma ya data za jeni iliyopo tangu mwaka 2000, hakutoshi. Kutoka data hiyo hadi jedwali la mwisho kuna programu ya kukagua ubora, ya kuoanisha vipande vya RNA na jenomu, ya kuvihesabu, kisha ya takwimu, na kila moja ina toleo na vigezo vyake. Makala iliyoitambulisha Nextflow, programu ya kuunganisha na kuendesha hatua hizo, mwaka 2017 ilionyesha jambo la kutisha: Kallisto (ya kuhesabu) na Sleuth (ya takwimu), kwa data ile ile, zilitoa orodha tofauti za jeni kwenye Mac na kwenye Linux. Zilipofungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu na matoleo yake yote, orodha zikalingana.

Nimewahi kupoteza miezi mitatu nikirudia makala moja iliyoeleza haya yote kwa sentensi mbili, bila hata namba ya toleo. Inauma.

Mchangiaji wa kwanza: Nakuelewa mkuu, ila mzigo huo unamtwisha nani? STAR, programu ya kuoanisha, peke yake inataka takribani GB 30 za RAM kwa jenomu ya binadamu. Mhakiki hulipwi, utazitoa wapi? Halafu kontena yenye kosa italirudia kosa lile lile kila siku. Matokeo kurudiwa hakuyafanyi yawe kweli.

Mleta mada: Kwenye mzigo umenishinda, nalegeza: mhakiki aendeshe sampuli ndogo ya majaribio, waandishi waweke msimbo wote na kontena yake. Ila hilo la kosa linanipa nguvu. Kosa lililo kwenye msimbo unalifuata hadi mstari lilipokaa. Linganisha na jedwali la mkono: Excel ilikuwa ikigeuza jina la jeni SEPT2 kuwa tarehe, hadi likabadilishwa rasmi kuwa SEPTIN2. Aliyepanga jedwali kwa mkono hakuacha nyayo; utamfuatia wapi?

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, kwa sharti moja. Sampuli ndogo inathibitisha kwamba programu zinaendeshwa, haithibitishi jedwali lililochapishwa. Basi waandishi waambatishe pia jedwali la hesabu ya vipande kwa kila jeni, la kabla ya takwimu. Hilo ni dogo, na hatua ya takwimu, kwa programu kama DESeq2, hurudiwa hata kwenye kompyuta mpakato.