Modi (mafaili ya kubadilisha gemu) za silaha GTA San Andreas: kifurushi kizito cha HD, au nirekebishe weapon.dat tu?

MzeeWaMafiati (Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la gemu hapa Mafiati na likizo ya mwezi wa sita ndiyo hiyo inakuja. Vijana wanadai San Andreas yenye bunduki za kweli. Nimebaki na njia mbili: niweke kifurushi cha HD (picha kali) chenye modeli mpya za silaha zote, au niache bunduki zilezile nirekebishe weapon.dat, faili la namba za silaha, yaani nguvu ya risasi, umbali na ukubwa wa magazini. Cha HD nimekijaribu kwenye mashine moja: AK ikatokea nyeupe pee, halafu nilipofika mjini katikati ya magari mengi gemu likajitoa. Nichukue kipi?

FundiUyole
Mkuu, umetaja dalili, mgonjwa hujamleta. RAM kiasi gani? Una kadi ya picha au unategemea ile ya ndani ya Intel? Gemu ni toleo 1.0 au la Steam? Modi umeziweka kwa Modloader (programu inayopakia modi bila kugusa faili za gemu) au umezipachika ndani ya gta3.img, lile faili kubwa la gemu lenye modeli na picha?

Hiyo ya weupe naweza kukujibu sasa hivi. Umbo la bunduki liko kwenye faili la dff, rangi na michoro yake iko kwenye txd. AK ikiwa nyeupe, dff imeingia lakini txd haijaingia, au majina ya picha ndani ya txd hayafanani na yale ambayo dff inayaita. Hakikisha ak47.dff na ak47.txd zimetoka kifurushi kimoja.

Mnyalu_Kihesa (Iringa)
Weka HD kaka, usijiulize mara mbili. Mteja anaanza kulipa kwa macho. Kijana akiona mbao za kitako cha AK zina mistari na mikwaruzo, haondoki kwenye kiti. Weapon.dat nani anaiona?

Kamanda_Mafinga
Mnyalu, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Mimi nimepita JKT, SMG, yaani AK ya jeshini, nimeishika. Uhalisia wa bunduki uko kwenye tabia yake. Ukiachia mfululizo mtutu unapanda juu na kuvuta kulia, na ndiyo maana AKM, AK iliyoboreshwa ya 1959, baadaye ilifungwa kile kipande kilichokatwa mshazari mdomoni, kiusukume kurudi chini. Kwenye San Andreas unashikilia kitufe tu na risasi zinakwenda.

Halafu M4 ya humo wameipa risasi 50. Magazini ya kawaida ya M4 inabeba 30. Namba hiyo unaibadilisha kwenye weapon.dat kwa dakika moja na kompyuta haielemewi na chochote. Kumbuka tu kwamba silaha nyingi zina mistari mitatu mle ndani, kwa mchezaji dhaifu, wa kati na hodari. Ukirekebisha mmoja, ujuzi ukipanda unashangaa namba za zamani zimerudi.

DadaMakambako
Mzee, kabla hujaamua nisikilize. Nina banda kama lako huku Makambako. Kuna fundi alinishawishi kwamba Modloader ni ya watoto, yeye anapachika kila kitu ndani ya gta3.img "ili kitulie". Nikamlipa. Akafanya mashine zote, wala hakuniachia nakala ya faili la awali. Siku ya kwanza vijana walishangilia. Kesho yake nikaanza kuona vituko: ukifyatua shotigani, moto unawaka hewani, hatua nzima mbele ya mtutu. Bastola imezama ndani ya kiganja, inaonekana ncha tu. Watu wakikusanyika barabarani, nyumba zinapotea na lami inabaki kama maziwa, halafu gemu linakufa. Nikimpigia simu anasema ni umeme mdogo. Baadaye akaacha kupokea. Nilikuja kupata gemu safi kwa mtu wa Njombe na kurudisha yote upya, wateja wakiwa wameshahamia kwa jirani. Fundi akikataa kukuachia nakala, mfukuze.

FundiUyole
Pole sana dada, na umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Moto wa hewani unatokana na modeli mpya kuwa fupi kuliko ya zamani. Mahali moto unapotokea pameandikwa kwa namba kwenye weapon.dat, hapafuati umbo la bunduki. Unazipunguza hadi moto urudi mdomoni.

Nyumba kupotea ni jambo jingine, na nadhani ndilo linalomsumbua Mzee. Gemu hili la 2004 limejiwekea kikomo cha megabaiti 50 za kumbukumbu kwa modeli na picha zinazopakiwa ukiwa unatembea. Hata ukiwa na RAM ya GB 16, bila kuongeza kikomo hicho halitumii zaidi. Bunduki zenye picha kubwakubwa zinakimaliza, barabara inakosa nafasi. Zipo programu za kuinua kikomo, ila nyingi ziliandikwa kwa toleo 1.0. Ndiyo maana niliuliza toleo.

Mnyalu_Kihesa
Kwa hiyo HD inawezekana. Asante fundi.

FundiUyole
Inawezekana kwa picha za kiasi, ndani ya Modloader. Umeme ukikatika katikati ya kazi, gta3.img yako inabaki salama kwa sababu haijaguswa.

Kamanda_Mafinga
Na hata ukiiweka hiyo HD, mchezaji akijaza risasi, magazini haichomoki. Mikono inacheza tu. Risasi nayo inafika papo hapo, wakati risasi ya AK inatoka kwa takriban mita 715 kwa sekunde, kwa hiyo adui wa mita 300 anaipata baada ya karibu nusu sekunde. Anayetaka uhalisia aende Arma 3, gemu la vita, humo risasi inashuka, na ukiongeza modi ya ACE hata upepo unaisukuma.

DadaMakambako
Arma kwenye mashine za banda, Kamanda? Kijana wa jero atakaa nusu saa anatafuta adui porini.

BintiTukuyu
Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia, lakini wote mnasema "vijana". Gemu hili Ulaya limewekewa miaka 18. Mdogo wangu wa darasa la sita ndiye mteja wa mabanda haya wakati wa likizo. Mnabishania mtutu unapanda wapi, mimi nataka kujua nani anaangalia umri mlangoni.

MzeeWaMafiati
Marahaba binti. Kwangu wenye sare za msingi wanacheza mpira tu, San Andreas iko kwenye mashine za nyuma. Fundi: RAM ni GB 4, picha ni za ndani ya Intel. Toleo sijui naliangalia wapi.

Mnyalu_Kihesa
Binti ana hoja. Na mimi nina wazo: kwa nini kila modi ni AK na M4? Tunatoka Iringa, Lugalo ipo, na mwaka 1891 watu wa Mkwawa walimmaliza kamanda wa Kijerumani Zelewski na msafara wake pale, wengi wao wakiwa na mikuki. Nataka mkuki wa Kihehe na bunduki ya Mauser ya 1871 waliyobeba askari wa Wajerumani.

Kamanda_Mafinga
Hapo umenigusa mdogo wangu. Mauser ile ni ya risasi moja moja, milimita 11, unafyatua na kujaza tena. Rifle ya kawaida ya San Andreas nayo inafyatua moja na kujaza. Inakaa hapo bila kugusa chochote isipokuwa umbo.

FundiUyole
Mkuki uweke mahali pa fimbo ya puli. Utapiga nao kama fimbo, kuchoma au kuurusha hutaweza. Mimi nina Blender, programu ya kutengeneza modeli, na kiongezi cha DragonFF kinachotoa dff. Mnyalu, ukifika makumbusho ya Kalenga piga picha za mikuki kwa ubavu, moja ya mpini na moja ya chuma, uweke na rula pembeni.