Mrejesho: zile karata mbili za kribeji

Wakuu, niliuliza nitupe karata zipi mbili kati ya 5, 7, 8, 8, 9 na K katika kribeji, mchezo wa karata wa kuhesabu pointi, kribu (zile karata zinazotupwa, ambazo mgawaji huzihesabu kama zake) ikiwa ya mpinzani. Wengi mlisema 5 haiendi kwa adui kamwe. Nimepiga hesabu, sikubaliani.

Nikibakiza 7, 8, 8, 9 napata pointi 12: kumi na tano mbili (7 na 8 zinazojumlika 15, kila moja pointi 2) zinaleta 4, jozi 2, mfululizo wa 7, 8, 9 mara mbili 6. Nikiing'ang'ania 5 nikatupa 9 na K, nabaki na 6 tu. Kweli 5 na K (K huhesabiwa 10) zinampa mpinzani 2 za bure, na karata ya juu ya fungu ikifunuliwa ikawa J anaongeza. Acha ale! Tena asiye mgawaji, yaani mimi, huhesabu kwanza, kwa hiyo tukikaribia 121, pointi za ushindi, hizo 12 zangu zinaingia kabla hajaigusa kribu yake.