Barua taka zimenijaa tangu nitangaze anwani yangu kwa wapenzi wa stempu

Mkusanya_Stempu

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Miezi minne iliyopita niliweka tangazo la kubadilishana stempu za reli, na mwishoni nikaandika anwani yangu ya barua pepe, ile ile ninayoitumia kazini na benki, ili mwenye nazo aniandikie moja kwa moja. Hazikupita wiki nyingi, barua taka zikaanza kumiminika: mikopo nisiyoiomba, dawa nisizozijua, zawadi za bahati nasibu nisiyoicheza. Leo asubuhi nimefuta 37, na katikati yake nusura niifute barua ya mkusanyaji mwenzangu aliyekuwa akiniuliza kama stempu yangu ya buluu ina meno yaliyokatika pembeni. Tangazo nimeshaliondoa, mbona barua hazipungui? Je, nibonyeze kile kiungo cha kujiondoa kilichoko chini ya kila barua, au nihame anwani kabisa?

Fundi_Mitambo

Pole sana, ndugu. Ulichokiondoa ni tangazo. Nakala zake hazimo tena mikononi mwako. Kuna programu ambazo kazi yake ni kupita kwenye kurasa za wazi usiku na mchana zikitafuta alama ya @, na anwani ikishanaswa huingia katika orodha zinazouzwa na kunakiliwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Hata kabla ya wavuti mambo yalikuwa hivyo: mwezi Mei 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta, aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, tangazo ambalo hawakuliomba, na anwani zao zilitolewa kwenye kitabu cha orodha kilichochapishwa. Anwani iliyowekwa hadharani haina ulinzi, iwe kwenye karatasi au kwenye skrini.

Kuhusu kiungo cha kujiondoa, tazama kwanza mtumaji. Akiwa ni duka au jarida ulilojiandikisha mwenyewe, kibonyeze bila hofu. Akiwa ni mtu usiyemjua, usikiguse, kwa sababu utakuwa umemthibitishia kwamba anwani ile ina mwenyewe anayesoma. Iweke alama ya barua taka, basi. Zima pia upakuaji wa picha katika barua, maana nyingine hubeba picha ndogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo ikipakuliwa humjulisha mtumaji kwamba umefungua.

Mtunza_Orodha

Nakubaliana na Fundi, ila naona barua taka ni kero tu, na hatari yenyewe iko kwenye nywila. Wengi wetu tukijiandikisha mahali pa kujifurahisha hutumia anwani na nywila zile zile za mambo makubwa, na tovuti hizi ndogo mara nyingi huendeshwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, kwa programu ambayo haijasasishwa kwa muda mrefu. Zikivuja, wezi huchukua jozi hizo na kuzijaribu kwenye akaunti nyingine moja baada ya nyingine. Itafute anwani yako kwenye Have I Been Pwned, tovuti iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, ambayo itakuonyesha kama imo katika data zilizovuja.

Usiitupe anwani ya zamani. Fungua mpya, uwape benki na kazini, wala usiiandike popote hadharani. Hiyo iliyokwisha kuchafuka ibaki ya stempu. Huduma kadhaa hukuruhusu pia kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, kwa mfano neno «reli», ili barua taka ikija ujue ni nani aliyeivujisha anwani yako, ingawa mjanja anaweza kulifuta neno hilo. Anayetaka kuificha kabisa atumie anwani za kupitishia, zinazokuletea barua bila kuonyesha anwani yako halisi, kama zile za huduma ya Firefox Relay, ambazo unaweza kuzifunga wakati wowote.

Nasi tunaotunza orodha tuna deni hapa. Niliwahi kuwatumia wanachama 60 taarifa ya mkutano nikaziweka anwani zao zote wazi kwenye sehemu ya mpokeaji badala ya Bcc, sehemu inayowaficha wapokeaji wasionane, na mama mmoja aliyekuwa amejificha kwa sababu zake aliumia sana. Niliwaomba radhi wote, lakini sikuweza kuzirudisha.

Mkusanya_Stempu

Asanteni sana. Nimeitafuta anwani yangu, na kumbe imo katika uvujaji wa tovuti niliyojiunga nayo zamani nikaisahau kabisa. Nywila ya huko ndiyo niliyokuwa bado naitumia kwenye barua pepe yenyewe. Nimeibadilisha na kuweka uthibitisho wa hatua mbili, na kesho nitawapelekea benki anwani mpya. Yule mwenzangu wa stempu ya buluu nimeshamjibu: meno yake yote yapo, na nitamtumia picha.