Ami kafanya kazi bara zaidi ya miaka 15 lakini NSSF (mfuko wa pensheni wa bara) wanasema hajafika pensheni, kivipi?

bint_konde

Asalaam aleykum wanajamvi. Nnaomba anojua mambo ya mafao anisaidie maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mzee mwenyewe keshaanza kununa.

Ami yangu kaondoka Pemba kitambo kwenda kutafuta maisha Dar, 2004 akapata kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa 2009, akakaa kidogo halafu mwezi wa tatu 2010 akaingia kampuni moja ya malori, fundi, akafanya mpaka mwisho wa Februari 2022 ndo akarudi Konde na mikarafuu yake. Kafunga miaka 56 mwezi uliopita. Yeye anavyojua ni ukifika 55 na umefanya kazi miaka 15 unaanza kulipwa pensheni, na akihesabu kwa vidole anapata 17. Sasa mtoto wake kamfuatilia kule kule Dar, katolewa stetimenti imeandikwa miezi 131! Wanamwambia sifa bado.

Miezi 131 inatoka wapi? Au wanamdhulumu kwa sababu hayupo pale? Na je anaweza kwenda ofisi ya ZSSF hapa Pemba wakamsaidia au ndo mpaka apande boti?

Mpemba wa Tandika

Waaleykum salaam bint. Kwanza mtoe huko ZSSF, atapoteza nauli bure. ZSSF ni mfuko wa Zanzibar, una sheria yake ya Baraza la Wawakilishi, unahusu walioajiriwa huku visiwani, serikalini na mahotelini na kwengineko. Yeye kaajiriwa na makampuni ya bara, pesa yake yote iko NSSF, huko ZSSF wakitia jina lake kwenye kompyuta hawataona kitu.

Pili, ami yako hajakosea, sheria ya NSSF ni miezi 180 ya michango ambayo ndo hiyo miaka 15, na umri ni 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Lakini angalia neno MICHANGO. Hawahesabu miaka uliyoamka alfajiri ukaenda kazini, wanahesabu miezi ambayo pesa imeingia kwenye mfuko kwa namba yako. Unaweza ukafanya kazi miaka 20 bosi akawa hapeleki, kwenye stetimenti wewe ni mtoto mchanga.

Si lazima iwe mfululizo, hilo asihofu. Ila hebu muulize jambo moja tena muulize kwa upole: kile kiwanda kilipofungwa 2009, alichukua fao la kujitoa?

london_wa_ng'ambo

Mbona 15 nyingi hivyo, huku Uingereza ukifikisha miaka 10 tu ya kulipa national insurance (michango ya huku) unapata kitu, si full lakini unapata. Full ndo 35.

Mpemba wa Tandika

@london hayo ya huko ni ya huko kaka, na usisahau kumalizia hadithi, mtu akirudi kuishi Zanzibar hiyo pensheni yenu wanamtumia lakini haipandi tena, inabaki pale pale kila mwaka wakati wenzake wa huko wanaongezewa. Tumuache ami wa watu kwanza.

bint_konde

Nimemuuliza. Kanyamaza halafu kasema "ile ilikuwa haki yangu." Kumbe kweli alichukua, ndo aliyonunulia ile mashua aliyokuwa nayo marehemu babu. Sasa hiyo inahusiana nini na pensheni? Si pesa yake?

fundi_mafao

Inahusiana sana dada yangu, hapo ndo jibu lako lilipo.

Zamani mtu akiachishwa kazi alikuwa anakwenda NSSF anajaza fomu anatolewa michango yake yote, ndo fao la kujitoa, na wengi walichukua, fundi, mlinzi, mhudumu wa hoteli, mkataba ukiisha tu huyo foleni. Ukishachukua ile hesabu inafungwa. Miezi ile haipo tena kwa sababu keshalipwa kwayo. Kwa hiyo 2004 mpaka 2009 ya ami yako imekwenda na mashua, anahesabiwa kuanzia aliporudi kazini 2010. Sheria mpya za 2018 zikaliondoa lile fao, sasa hivi aliyeachishwa kazi analipwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na awe kachangia angalau miezi 18. Watu walipiga kelele sana wakati ule wanataka pesa yao, na mie nlikuwa mmoja wa wapiga kelele, lakini kesi kama hii ndo ilokuwa hoja ya serikali.

Haya tuje kwenye hesabu. Machi 2010 mpaka Februari 2022 ni miaka 12 kamili, miezi 144. Stetimenti inasema 131. Kuna miezi 13 haionekani, na hiyo ndo ya kugombania, sio ile ya kiwandani.

Mama Shuu

Miezi 13 mwajiri hakupeleka huyo, wala msitafute mchawi. Mie mwenyewe nlipofanya kazi bara, kampuni siitaji, kila mwezi kwenye slipu ya mshahara imeandikwa NSSF asilimia 10 imekatwa, nakwenda kuangalia kule sifuri. Ukiuliza ofisini wanakwambia mfumo, mfumo gani usiopokea pesa lakini unakata.

Mwambie ami atafute slipu zake. Akikuta mwezi kakatwa na haupo kwenye stetimenti, apeleke NSSF slipu hiyo pamoja na barua ya ajira na stetimenti ya benki inoonesha mshahara uliingia. Deni ni la mwajiri, mfuko una mamlaka ya kumdai tena na faini juu, si kazi ya ami kugombana na kampuni. Lakini bila karatasi hutoki.

fundi_mafao

Mama Shuu kasema kweli tupu. Niongezee kwa nini hiyo 13 isidharauliwe.

Ami kafunga 56 mwezi uliopita, mpaka 60 amebakiwa na miezi 47. Akirudishiwa ile 13 anakuwa na 144, anadaiwa 36 tu, miaka mitatu, anazimaliza kabla ya 60 na nafasi inabaki. Asiporudishiwa anadaiwa 49, hapo anafika 60 hajamaliza.

Utaniuliza atachangiaje hana mwajiri. NSSF wanapokea wanaojiajiri, wakulima, wavuvi, bodaboda, mwenye mikarafuu ni mkulima kama mkulima mwengine. Anachangia mwenyewe kwa simu kila mwezi. Ila wakati wa kujiandikisha ahakikishe kwa mdomo na kwa maandishi kwamba anaendelea na NAMBA YAKE ILE ILE na miezi inaunganishwa na ya zamani, asije akapewa namba mpya akaanza moja halafu 2029 tukakutana tena humu.

Akifika 60 bila 180 hatupwi, analipwa mkupuo mara moja, basi, kwaheri. Akifikisha 180 anapata mkupuo NA kila mwezi mpaka afe. Tofauti kubwa hiyo.

bint_konde

Shukran jamani Allah awalipe. Hiyo ya kila mwezi inaweza kuwa kama shilingi ngapi? Maana anasema kama ni ya sabuni basi bora achukue mkupuo ajengee banda.

fundi_mafao

Kanuni ilivyotoka Julai 2022 (asilimia ya mkupuo ishabadilishwa baadae, kwa hiyo aulize ya sasa): unachukua miezi ya michango, unazidisha na wastani wa mshahara wa mwaka (ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho), unagawa kwa 580. Tuseme wastani wake ni laki sita kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka, na ana 180 kamili. 180 mara milioni 7.2 gawa 580 inakuja kama milioni 2.23 kwa mwaka. Asilimia 33 ya hiyo wanaizidisha 12.5 wanakupa mkononi siku ya mwanzo, ni kama milioni 9.2. Asilimia 67 inobaki unagaiwa kwa miezi 12, inakuja kama laki na elfu 24 na kitu kila mwezi. Ni mfano lakini, mshahara wake mie siujui.

Si utajiri. Ila karafuu mwaka huu zinazaa mwakani hazizai, na hiyo haijui msimu.

mzee_wa_mkoani

Vijana nyinyi mna bahati mnagombania pensheni. Sisi tulokuwa bara zama za NPF hakukuwa na habari ya kila mwezi, ilikuwa ukistaafu unapewa chako kwa mara moja unakwenda zako, mpaka ilipokuja sheria ya 1997 ndo ikawa NSSF. Mie changu kiliishia kwenye bati.

Bint, mwambie ami yako pia asisahau, akijaaliwa kufika 70 kuna pensheni jamii ya SMZ (serikali ya Zanzibar), ile iloanza 2016 kwa elfu 20 na baadae ikaongezwa. Ile haiulizi ulifanya kazi wapi wala miezi mingapi, mke wangu hajawahi kuajiriwa siku hata moja na anapokea. Akaanzie kwa sheha na kitambulisho chake.

bint_konde

Ahsante babu. Tumefungua sanduku lake leo, slipu za 2013 na 2014 zipo zimeliwa na mende pembeni lakini tarakimu zinasomeka, za 2019 hatujaziona. Binamu yangu kesho anarudi pale Dar kuomba wachapishe mwezi kwa mwezi tujue ni ipi hasa inokosekana. Ami kasema kama ni ile miezi ya mwanzo basi anayo yote.

Mama Shuu

Kabla hajapeleka azipige picha zote na awaachie kopi, orijino arudi nazo. Nisikilize mie.

hoteli_paje

Samahani naingilia, mie niko ZSSF sasa hivi lakini nimepata kazi Arusha, michango yangu ya huku inakuwaje nikihamia NSSF?

Mpemba wa Tandika

Fungua uzi wako bwana, huu wa ami.