Detekta ya metali ya baharini: naisuuza kila siku, lakini chumvi inaendelea kuila

Mpwani wa Paje

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Paje, na kazi yangu ya pembeni ni kuwatafutia watu vitu walivyopoteza pwani, zaidi pete za ndoa na mikufu. Wao huoga maji yakiwa yamejaa, nami huingia yakishakupwa, hasa siku za bamvua ambapo bahari yetu hurudi nyuma hadi karibu na mwamba. Detekta yangu imetengenezwa kuhimili kina cha mita 3, wala sijawahi kuizamisha kupita kiuno. Kila nikirudi nyumbani huimwagia ndoo nzima ya maji ya kisima kabla hata sijaoga mwenyewe.

Pamoja na hayo, baada ya miezi minane nimeona mambo matatu. Pini za kuchajia zimeota kutu ya kijani, na chaja hushika kwa kubahatisha. Mpini wa alumini umejaa unga mweupe kwenye maungio, hata kuuvuta ni shida. Na koili, lile duara la chini linalotafutia metali, imeanza kulia yenyewe nikiipitisha juu ya mchanga mtupu. Mashine hii niliinunua kwa akiba ya msimu mzima na sina uwezo wa kupata nyingine kwa haraka. Naomba mwenye ujuzi anieleze ninapokosea.

Fundi wa Darajani

Waalaykumu salaam, kaka. Kabla ya kuzungumzia pini, nakuomba ukayapime maji unayosuuzia, kwa sababu visima vingi vya upande wenu vimechimbwa karibu na bahari na maji yake yana chumvi, hata kama mdomo umeshayazoea. Dondosha matone machache juu ya kipande cha kioo kisafi, yaache yakauke kivulini, kisha tazama. Yakiacha duara jeupe lililokoza, basi umekuwa ukiondoa chumvi nyingi na kubakisha kidogo, na hicho kidogo hujilimbikiza kila siku.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na haiwi chumvi ya mezani pekee, bali imo pia ya magnesi, ambayo hufyonza unyevu wa hewani upesi sana. Umeona jikoni chumvi ya mawe inavyolowa wakati wa masika bila ya mtu kuimwagia maji. Ndivyo inavyokuwa ndani ya maungio ya mashine yako: unaiona imekauka, lakini mle ndani kuna majimaji ya chumvi yanayofanya kazi usiku kucha. Unga mweupe ni alumini yenyewe inayolika, na kasi huwa kubwa zaidi pale inapogusana na skrubu ya chuma cha pua, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi ile dhaifu ndiyo huliwa.

Kwa hiyo kumwagia ndoo hakutoshi. Utenganishe mpini vipande vyote, ufungue kifuniko cha chini cha koili, kisha uvilaze vitu hivyo ndani ya beseni la maji matamu kwa nusu saa, ubadilishe maji, urudie. Vibano vya mpini uvifungue na kuvifunga mara kadhaa vikiwa majini ili mchanga utoke. Usitumie mpira wa maji wenye kasi kubwa, kwa sababu unaweza kuyasukuma maji kupita mahali ambapo bahari yenyewe isingepita. Maungio ya mpini usiyatie mafuta ya aina yoyote, kwani mchanga utaganda humo na kuwa msasa.

Kelele za koili nadhani zinatoka kwenye kile kifuniko. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na yakikaa pamoja na mchanga kati ya koili na kifuniko chake, mashine huyahesabu kama kitu. Ukishakisafisha, jaribu tena kabla ya kuamini kuwa koili imeharibika.

Pini ndizo zinazonisikitisha zaidi, maana hazikuharibiwa na bahari peke yake, bali na chaja. Ukiunganisha chaja wakati pini bado zina unyevu wa chumvi, umeme hupita ndani ya ule unyevu na kuing'oa metali ya pini ya upande chanya. Ile rangi ya kijani ni shaba iliyokuwa chini ya ngozi nyembamba ya dhahabu. Chovya pamba kwenye siki nyeupe, uisugue kutu taratibu, usuuze kwa maji matamu, umalizie kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Msasa usiuguse, kwa sababu utaondoa dhahabu iliyobakia. Tangu sasa, usichaji usiku uleule uliotoka baharini. Ngoja hadi asubuhi.

Mama wa Mwani, Jambiani

Mwanangu, anachosema fundi kuhusu visima ni kweli, na kiangazi huzidi. Mimi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, ila mvua ya kwanza huiacha ioshe vumbi na chumvi iliyoletwa na upepo, ndipo naweka pipa. Pipa moja la masika litakutosha kwa muda mrefu ikiwa ni kwa kusuuzia mashine tu.

Mzamiaji wa Mkoani

Nakubaliana na yote yaliyotangulia, na ninaongeza jambo ambalo wengi hawalioni mpaka maji yameshaingia ndani. Usiiache mashine juani au ndani ya gari kisha ukaitia majini papo hapo. Hewa iliyofungwa ndani ikiwa na joto la nyuzi 50, halafu ikapozwa ghafla hadi nyuzi 27 za bahari, shinikizo lake hushuka kwa takriban asilimia 7, na hiyo kwa mpira wa kuzuia maji ni sawa na kuongezewa zaidi ya nusu mita ya kina. Ikae kivulini kwanza, uilowanishe taratibu, kisha uingie nayo.

Ikiwa yako ina mlango wa betri au tundu la hedifoni lenye oringi, yaani mpira wa duara wa kuzuia maji, uikague kila unapoifungua. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji. Nimeona watu wakipaka mafuta ya mgando kwa kuwa yanapatikana kila duka, nami nawasihi waache, kwa sababu baadhi ya mipira huvimba na kulegea ikikutana nayo. Na mafuta ya taa ni mabaya zaidi. Tumia grisi ya silikoni, kiasi cha kuufanya mpira ung'ae tu, isipokuwa pale kitabu cha mashine kinaposema oringi yenyewe ni ya silikoni, maana hiyo nayo huvimba kwa grisi ya jamaa yake.

Mpwani wa Paje

Nawashukuru sana, fundi, mama na kaka yangu wa Pemba. Nimefanya jaribio la kioo kwa maji ya kisima chetu na maji ya chupa, na tofauti imenishtua: ya kisima yameacha duara jeupe linaloonekana kutoka mlangoni. Kifuniko cha koili nilikuwa sijakifungua tangu ninunue, na chini yake nimekuta mchanga mzito uliogandamana kama udongo wa mfinyanzi. Nimekilaza kwenye beseni, nikabadilisha maji mara mbili, na jana koili imekaa kimya kutwa nzima pale Bwejuu. Kutu ya pini imetoka kwa siki, ila pini moja imebaki na kishimo kidogo. Fundi, je, hiyo naweza kuendelea kuitumia, au nikuletee Darajani?

Fundi wa Darajani

Ikiwa chaja inashika bila ya kupata joto, endelea nayo. Ikianza kupata joto au kukatikakatika, usiilazimishe. Niletee mashine pamoja na chaja yake.