Mbio ndefu majira ya baridi: barabarani, kwenye mashine au uwanja wa ndani?

Zamu_ya_Usiku (Minneapolis)

Ndugu zangu, salaam. Nimepata nafasi ya kukimbia marathoni ya Boston mwezi Aprili, na kwa kuwa maandalizi ya marathoni kwa kawaida huchukua wiki 16 hadi 18, karibu mazoezi yangu yote yataangukia kati ya Desemba na Machi, miezi ambayo hapa kwetu kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na hakuna anayeshangaa. Ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na zamu yangu huisha saa moja asubuhi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na huzama saa kumi na nusu alasiri, kwa hiyo nikilala kama binadamu wengine wanavyolala, nitaamka gizani.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni kukimbia nje kuzunguka maziwa ya mjini, hasa Bde Maka Ska, ambalo mzunguko wake ni takriban kilomita 5 na njia zake husafishwa theluji na bodi ya mbuga. Ya pili ni mashine ya kukimbilia iliyopo chini ya jengo ninaloishi, ambayo ni moja tu na majirani wanaigombea. Ya tatu ni uwanja wa ndani wa mita 200 katika kituo cha jamii, ambao unalipiwa kwa mwezi. Nakusudia kufikisha kilomita 80 kwa wiki. Naomba mnilinganishie njia hizi kwa uzoefu wenu: ipi ibebe mzigo mkubwa, na zipi ziwe za kusaidia? Sihitaji kutiwa moyo, moyo ninao.

Mto_na_Daraja (Edmonton)

Ndugu Zamu ya Usiku, pole na kazi. Ningekuwa wewe ningeipa barabara sehemu kubwa ya kilomita hizo, lakini nisingemwachia kipimajoto kazi ya kuamua nitoke au nisitoke. Siku zinazotuangusha hapa Edmonton, Kanada, si zile za nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa sababu theluji ya baridi kali huwa kavu, hulia chini ya kiatu na hushika soli vizuri. Siku mbaya ni zile zinazocheza karibu na sifuri, ambapo theluji huyeyuka mchana, maji yakatandaa juu ya lami, kisha usiku yakaganda kuwa barafu nyembamba ambayo huwezi kuitofautisha na lami iliyolowa. Chumvi inayomwagwa mitaani husaidia katika siku kama hizo, ila baridi ikizidi nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida hupoteza nguvu, na barafu iliyokwisha kujijenga hubaki pale pale hadi mtu aje kuivunja.

Jambo la pili la kupima ni upepo. Nyuzi 15 chini ya sifuri zikiambatana na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa hiyo anza safari ukiukabili upepo na urudi ukiwa umeupa mgongo. Ukifanya kinyume, utarudi umelowa jasho huku upepo ukikupiga kifuani, na hapo ndipo baridi humpata mtu. Kwa mzunguko wa ziwa ushauri huu hauna maana sana, lakini mzunguko una faida yake: hutakuwa kamwe mbali na gari lako, na unaweza kuacha humo nguo kavu na chupa ya maji ya moto.

Kuhusu mavazi, pamba iache kabatini. Vaa fulana nyembamba ya sufu au ya kitambaa kisichoshika jasho, juu yake nyingine nzito kidogo, kisha koti jepesi la kuzuia upepo. Glavu zinazokusanya vidole pamoja zina joto kuliko zile zinazotenga kila kidole. Na, samahani kwa akina dada, wanaume wasipuuze nguo ya ndani yenye kitambaa cha kuzuia upepo upande wa mbele. Atakayepuuza hatahitaji kuambiwa mara ya pili. Ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri, ujue umevaa kupita kiasi, kwa sababu dakika 10 za mwanzo zinatakiwa ziwe za kutetemeka kidogo.

Binti_wa_Pangani (Trondheim)

Naheshimu maoni ya kaka wa Edmonton, lakini mashine imeonewa. Mji huu wa Norwe ninaoishi ndiko alikozaliwa mkimbiaji Ingrid Kristiansen, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake London mwaka 1985 kwa saa 2:21:06, na sehemu kubwa ya mazoezi yake ya majira ya baridi aliyafanya kwenye mashine. Mwaka 2000 daktari kutoka Anchorage, Alaska, Christine Clark, alishinda mbio za kuchagua mwakilishi wa Marekani katika marathoni ya Olimpiki baada ya kufanya mazoezi yake mengi ndani ya nyumba kwenye mashine hiyo hiyo inayosemwa kuwa si mbio za kweli. Mbio zenyewe zilifanyika South Carolina siku ya joto, na sidhani kama ilikuwa bahati tupu kwamba mtu aliyezoea kukimbia chumbani, kusiko na upepo wa kumpoza, aliwashinda wengine.

Hoja hiyo ya joto ni ya kuzingatia kwa anayekwenda Boston, kwa sababu Aprili ya kule haitabiriki. Mwaka 2012 joto lilipita nyuzi 30, na Wesley Korir wa Kenya alishinda kwa saa 2:12:40, muda ambao mwaka wenye hali nzuri usingetosha kushinda. Mkimbiaji aliyetoka moja kwa moja kwenye theluji ya Minnesota, ambaye mwili wake haujatoa jasho la maana tangu Oktoba, angeteseka vibaya siku ile. Mwili huchukua takriban siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na chumba cha mashine kilichofungwa madirisha kinaweza kukupa mazoea hayo mwishoni mwa Machi, ilimradi unywe maji na usijilazimishe kasi.

Inua mashine kwa asilimia 1 ukifanya mazoezi ya kasi ili kufidia upepo usiokuwepo. Kwenye mbio za polepole tofauti ni ndogo mno, usijisumbue. Kasoro yake kubwa, nami naikubali, ni mteremko. Njia ya Boston inaanzia Hopkinton na kushuka jumla ya mita zipatazo 140 hadi mwisho, na mashine nyingi haziinami upande wa mbele. Misuli ya mapaja isiyofundishwa kushuka hukatika kabla hata ya vilima vya Newton, kati ya kilomita ya 26 na ya 34, na hapo mapafu yako mazuri hayatakusaidia kitu.

Mto_na_Daraja (Edmonton)

Dada, hoja ya joto naipokea kwa mikono miwili. Ila tukikumbuka mwaka 2012 tukumbuke na 2018, mvua ya baridi na upepo wa usoni tangu mwanzo hadi mwisho. Geoffrey Kirui, aliyekuwa bingwa mtetezi, aliongoza kwa pengo kubwa kisha akapitwa karibu na mwisho na Yuki Kawauchi wa Japani, mtu ambaye tarehe 1 Januari mwaka ule ule alikuwa amekimbia marathoni nyingine katika jimbo hilo hilo la Massachusetts kwenye baridi ya nyuzi kama 17 chini ya sifuri. Chumba chenye joto hakimfundishi mtu hali ile.

Muuguzi_Mstaafu (Toronto)

Vijana, mnazungumza vizuri, lakini hakuna aliyemuuliza mwenzetu hali ya kifua chake. Hewa ya baridi ni kavu, na mkimbiaji huivuta kwa wingi kwa kinywa, kwa hiyo njia za hewa hukauka na kubana hata kwa mtu asiyejijua kuwa na pumu. Ukikohoa kwa muda mrefu baada ya kila zoezi la kasi nje, hamishia mazoezi ya kasi ndani na umwone daktari. Mbio za taratibu ukiwa umefunika kinywa kwa skafu nyembamba kwa kawaida hazina shida, kwa sababu kitambaa hurudishia hewa unyevu na joto kabla haijafika kooni.

Kuhusu ngozi kuganda: baridi pamoja na upepo ikifikia nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Huanza kwa kuchoma, kisha maumivu hukoma na sehemu hiyo, mara nyingi ncha ya pua, sikio au kidole, hupauka na kufa ganzi; kwa ngozi nyeusi tazama mng'ao kama wa nta, maana weupe huwa haujitokezi waziwazi. Maumivu yakikoma usifurahi, ingia ndani. Usisugue, usipake theluji kama wasemavyo wazee wa huku, usisogeze mkono kwenye moto. Tumia maji ya vuguvugu, na ganzi isipoondoka nenda hospitali.

La mwisho, mwanangu, wewe hukesha. Mtu aliyetoka zamu ya usiku mwili wake umechoka na mguu wake ni mzito. Asubuhi yenye barafu usitoke nje, hata ukijiona una nguvu.

Kilele (Iten)

Sisi wa Iten hatuna theluji ya kujivunia, baridi yetu ya Julai na matope ya mvua ndiyo mitihani yetu, kwa hiyo nitasema neno moja tu la mazoezi. Mpe kila mahali kazi inayopafaa. Mbio ndefu za mwisho wa wiki zifanyike nje kila inapowezekana, kwa muda na si kwa kasi, kwa sababu juu ya theluji mguu huteleza kidogo kila unaposukuma na soli za povu hukakamaa kwa baridi; kasi ya saa yako itakudanganya na kukukatisha tamaa bure. Mazoezi ya kasi yafanyike ndani.

Naona watu wa huko hupenda kushauri kuteleza kwa ski badala ya kukimbia. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za kati, alijifunza ski Finland na kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho katika kilomita 10 huku bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Ni mchezo mzuri wa mapafu, ila mguu wa ski haugongi ardhi, na Boston ni kugonga lami kwa kilomita 42. Uuweke kwenye siku ya mapumziko, si mahali pa mbio ndefu.

Zamu_ya_Usiku (Minneapolis)

Shikamoo mama Muuguzi, na asanteni nyote. Kifua changu kiko salama. Nakubali kwamba nitokapo zamu nilale kwanza. Siku za kazi nitatumia mashine saa nane mchana, majirani wakiwa kazini, na mbio ndefu nitazipeleka ziwani Jumapili, siku yangu ya mapumziko, baada ya jua kutoka. Yamebaki mawili. Je, uwanja wa mita 200 unastahili fedha zake? Na maji ninayobeba huganda mdomoni mwa chupa kabla sijafika nusu ya safari, nifanyeje?

Binti_wa_Pangani (Trondheim)

Lipia mwezi wa Februari pekee, ambapo vipindi vya kasi vitakuwa vimekolea na ambapo kukimbia kwa miguu yako mwenyewe bila mkanda wa mashine kunasaidia. Mbio ndefu usizipeleke huko: kilomita 30 ni mizunguko 150, na kona zile kali hulemea mguu wa ndani, nyonga na kifundo. Ukikuta uongozi unabadilisha mwelekeo wa kukimbia siku hadi siku, panga ratiba yako usikimbie upande mmoja mara mbili mfululizo.

Mto_na_Daraja (Edmonton)

Kuhusu maji, jaza chupa kwa maji ya moto kiasi na uibebe ndani ya koti, mdomo ukiangalia chini. Barafu huanza kujijenga juu ya maji, kwa hiyo itajikusanya upande wa kitako na mdomo utabaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Vifuko vya chakula cha sukari viweke ndani ya glavu, la sivyo vitakuwa vigumu kumeza. Simu nayo iwe karibu na mwili, kwa maana betri huzimika ghafla kwenye baridi hata ikiwa imejaa, na Jumapili asubuhi kando ya ziwa unaweza usimkute mtu wa kumwazima yake.